Nyuzi Nyeupe Chini ya Vibanzi

Harufu ya vibanzi vya mninga vilivyolowa ikinifika puani, wallahi chakula hakipiti. Namrudia mama palepale: kapiga magoti uani kwetu Usoke, kitenge kimemdondoka, na jirani yetu Mzee Mwashi kamkandamiza uso kwenye bustani ya mama mwenyewe.

"Nusa! Nusa sanda uliyozika, mchawi wee!"

Uani palijaa watu. Nilikuwa na miaka tisa. Wenzangu wa shuleni walinitazama mimi, nami nikatamani ardhi inimeze.

Kisa chenyewe kilikuwa michungwa. Baba alipofariki, mama alipanda michungwa nyuma ya nyumba. Ardhi yetu kichanga, na kiangazi cha kwetu hukausha hata mate mdomoni. Fundi Sizya, mchonga mizinga ya nyuki, vibanzi vilikuwa vimejaa kwake mpaka mlangoni.

"Shemeji, zoa hivi, unifungulie njia," alimwambia mama.

Mama akavitandaza kuzunguka kila mche, akiacha nafasi pembeni mwa shina. "Mti nao una shingo," alituambia. "Ukiiziba, mchwa watakushukuru." Chini ya vibanzi udongo ulibaki baridi kama mtungi.

Mwashi akaona, akaiga bila kuuliza. Akarundika vibanzi mpaka vikakumbatia mashina. Mchwa wakaila michungwa yake yote. Yetu ikazidi kukoza kijani, na maneno yakaanza kisimani: yule mjane anaficha mvua ya wenzake.

Ndipo wakaja kufukua. Chini ya vibanzi palikuwa na nyuzi nyeupe, laini, zimetambaa. Mwashi akazinyanyua juu.

"Nyuzi za sanda hizi! Mnaziona?"

Ulikuwa ukungu tu. Sikusoma, niliishia darasa la nne, lakini leo naukuta kila ninapofukua matandazo kwenye bustani yangu Isevya. Mbao ikioza penye unyevu, unaota.

Mama aliinua uso wenye udongo, akamtafuta Sizya kwenye kundi.

"Shemeji, waambie. Si ziko hata kwenye lundo lako?"

Sizya akakohoa. "Mimi fundi wa mbao tu. Mambo ya usiku siyajui."

Watu wakacheka. Jioni ile tulifukuzwa, tukaenda Ziba kwa mjomba. Mama hakupanda tena hata bamia. Alikufa akiwa hajainua macho mbele ya watu, na aibu ile akaniachia mimi. Mtu akiisifu bustani yangu, naanza kujitetea kabla hajaniuliza.

Utotoni niliamini Sizya aliogopa uchawi. Nimekuja kuelewa ukubwani, nilipopita Usoke: shamba letu waligawana yeye na Mwashi. Mwashi alikula machungwa yetu mpaka akafa. Karakana ya Sizya imesimama palipokuwa jiko la mama.

Fundi Sizya, wewe u hai, na kanisani wanakuita mzee. Simama mbele yao ulisafishe jina la mama yangu. Ulijua. Mbona ulikana? Jibu.