Nereah wa Upande wa Jikoni

Tulikuwa tumezipita nyumba za Olympic, zile zenye mageti na nguo zilizoanikwa kwenye roshani, na njia ilikuwa imeanza kuteremka kuelekea Kambi Muru, ndani ya Kibera, mkaguzi aliposimama akaniuliza kama bado ni mbali. Sikujua. Nilimjibu kwamba tunakaribia, jibu ambalo nimewahi kupewa na wenyeji wa kila nchi niliyoivuka kwa miguu. Mvua ilikuwa imeacha tope jeusi katikati ya njia. Watu waliokuwa wakienda kazini walitupita kando bila kututazama sana.

Alikuwa mwanamke mpole wa miaka sitini hivi. Bodi moja ya ng'ambo, inayotoa cheti cha ualimu kinachotambuliwa katika nchi nyingi, ndiyo iliyomtuma. Bodi hiyo haifundishi yenyewe. Hutoa idhini kwa vyuo, na kabla ya kuitoa hutuma mtu akaone mafaili, madarasa, wakufunzi na vyeti vyao, na somo moja likifundishwa mbele ya watoto. Somo la siku hiyo lingekuwa la Kiswahili, lugha asiyoijua, ndiyo maana nikakodiwa mimi kwa siku mbili, nikae karibu na sikio lake.

Chuo kilichoomba idhini kiliitwa Nyota Njema. Ofisi yake iko Kawangware 56, ghorofani juu ya duka la hadiwea, la vifaa vya ujenzi. Shule yake ya mazoezi ndiyo hii ya Kambi Muru, vyumba sita vya mabati, ua wa udongo, na jiko lililoegemea darasa la mwisho. Mkurugenzi, Mwalimu Nalianya, alitupokea langoni kwa suti ya kijivu iliyombana mabegani. Wanafunzi wake wa ualimu, arobaini na mmoja, walikuwa wamepangwa mstari. Alimtambulisha Becky, mkufunzi mkuu, mwenye shahada ya elimu, ambaye baadaye nilijua ni mpwa wake. Mlangoni mwa jiko alisimama mwanamke mrefu aliyejifunga leso kiunoni, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

"Na huyo ni Auntie," alisema Nalianya, akaendelea kutembea.

Wanafunzi kadhaa waliangalia chini.

Aliyechaguliwa kufundisha aliitwa Sumaya, binti wa Kinubi wa papo hapo Kibera, miaka ishirini na miwili. Watoto walikuwa wa gredi ya pili, karibu hamsini, watatu kwa dawati. Alikuwa ameandaa hadithi ya mama aliyekwenda sokoni akasahau kikapu nyumbani. Alianza vizuri, kisha akamwona mkaguzi akifungua daftari, na kuanzia hapo akawa anakimbia. Aliuliza swali akalijibu mwenyewe, akauliza la pili akalijibu. Dakika ya kumi darasa lilikuwa limekufa. Watoto walimtazama kama watu wanaotazama gari la mtu mwingine likipita. Mkaguzi aliandika mstari mmoja, akaupigia mstari chini.

Ndipo ukuta wa nyuma ukagongwa. Mara mbili.

Sumaya alikatika katikati ya neno. Aliweka chaki mezani, akavuta pumzi, akauliza upya kwa nini mama yule alikwenda bila kikapu. Kisha akangoja. Alingoja muda mrefu hata mimi nikaona haya kwa niaba yake. Mwisho mtoto mmoja wa dawati la nyuma, msichana mwenye sweta isiyo na kifungo, alisema bila kuinua mkono:

"Teacher, hajasahau. Ameacha makusudi, ndio mtoto wake amfuate nacho wakutane huko."

Baada ya hapo nilishindwa kutafsiri kwa kasi ya kutosha. Watoto walibishana kama watu wazima barazani. Mmoja alisema mtoto huyo angepotea, mwingine akasema mamake humtuma hivyo kila siku na hajapotea. Mkaguzi aliacha kuandika akawa anatazama tu. Kengele ilipolia aliniuliza kwa sauti ya chini mlio ule wa ukutani ulikuwa nini. Nikamwambia umetoka jikoni. Hilo lilikuwa kweli.

Habari za jiko lile nilizijua baadaye, nyingi kutoka kwa mwenyewe.

Nereah, huyo aliyetajwa kama Auntie, alikuja Nairobi kutoka Ugenya akiwa na miaka ishirini, masomo yake yakiwa yameishia kidato cha pili mwaka aliozikwa baba yake. Aliolewa na Ouma, fundi wa mawe, ambaye alikwenda kujenga Mombasa akawa anarudi kila Krismasi, kisha Krismasi moja moja, kisha hakurudi. Mtoto wake Daisy alipoanza chekechea shuleni hapo, aliomba kazi ya kupika uji. Kati ya jiko na darasa palikuwa na bati moja. Miaka saba alikoroga uji akisikiliza masomo ambayo hakuyaona.

"Kunyamaza iko mingi," aliniambia. "Iko ya njaa, hiyo inaanza saa nne. Iko ya woga. Na iko ile ya kufikiria. Hiyo ni kama sufuria kabla ichemke, unaskia kitu chini."

Wa kwanza kumsaidia alikuwa mwalimu aliyeitwa Oloo, ambaye darasa lilikuwa limemshinda kiasi kwamba alikuja jikoni asubuhi moja kuota moto na kuandika barua ya kuacha kazi. Nereah alimpa kikombe cha uji, akamwuliza kama watoto wale wametoka kwao kuja kumsikia akiongea peke yake. Oloo alikasirika, akarudi darasani, akajaribu kunyamaza. Barua hakuipeleka. Wakaja wengine. Nalianya alipofungua chuo, miaka tisa iliyopita, hakutafuta mkufunzi mbali.

Kwa hiyo miaka tisa aliitwa Madam. Mwanafunzi alipokuwa akifundisha, yeye alikaa kwenye kigoda upande wa jikoni, mwiko mkononi. Kugonga mara moja maana yake uliza. Mara mbili, ngoja. Baada ya somo alimwambia mtu alichosikia, na hakuwa na huruma. Sumaya aliwahi kuambiwa anafundisha kama hawker ameona kanjo, askari wa jiji. Alilia, halafu akacheka, halafu akawa anakuja kila siku.

Lakini shule zilianza kudai cheti kinachojulikana, na cha Nyota Njema hakikujulikana na yeyote. Wanafunzi walimaliza wakarudi kuuza mitumba. Nalianya aliandikia bodi ya ng'ambo, na masharti yakaja: kila mkufunzi awe na elimu ya chuo, na faili lionyeshe ni nani aliyemfunza nani. Alikwenda jikoni na pendekezo. Faili liandikwe kwa jina la Becky. Nereah akae kando mpaka idhini itoke. Bodi hiyo ilikuwa na mlango mwingine kwa walimu wenye uzoefu wasio na masomo ya juu. Mtu husajiliwa kwa barua ya chuo kilichoidhinishwa, ikithibitisha miaka yake ya kazi. Chuo kikishaidhinishwa, barua ya kwanza ingekuwa yake. Angepata cheti chenye jina lake, na asingekuwa wa kufichwa tena.

Nereah alikubali. Miezi miwili alikaa na Becky, akimweleza alichosikia katika kila somo, na Becky akaandika fomu na kutia sahihi. Kitu kimoja zaidi aliahidi, kwamba siku ya ukaguzi hatagonga.

Sasa turudi siku hiyo. Baada ya somo tuliingia katika chumba cha walimu, ambapo mkufunzi alitakiwa kumpa Sumaya maoni mbele ya mkaguzi. Becky alisoma fomu yake. Malengo yalikuwa wazi, sauti ilisikika, ubao ulitumika. Mkaguzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza ni wapi hasa somo lilipobadilika, na kwa nini. Becky alifunua karatasi. Alifunua nyingine.

Sumaya akamhurumia.

"Ni pale Madam alinigongea," alisema.

Hakuwa na ubaya. Miaka miwili alikuwa akisema hivyo kila baada ya somo. Mkaguzi akauliza, Madam yupi? Nalianya alianza kucheka, akataja sufuria, akataja kelele za jikoni, lakini mkaguzi alikuwa ameshainuka. Nilimfuata uani.

Nereah alikuwa ameinama akisugua sufuria kwa mchanga. Mkaguzi alimsalimu kwa mkono, mchanga na yote, akauliza kwa upole, nami nikaliweka kwa Kiswahili: je, wewe ndiye uliyemfunza mwalimu huyu? Nyuma yetu watu arobaini na mmoja walikuwa wamesogea kusikiliza. Akisema ndiyo, faili ni la uongo, na chuo hakiruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitatu. Becky alikuwa ameanza kulia kimyakimya kando ya tangi la maji.

"Mwambie mimi napika uji," alisema Nereah. "Mwiko ilikuwa imeshika unga, nikaigonga kwa ukuta itoke. Kama nimesumbua darasa, pole."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mkaguzi alionekana kuridhika, au kuchoka. Akaomba jina lake, apate kumshukuru ipasavyo. Nereah alinitazama mimi, si yeye, kana kwamba ndimi niliyelitaka.

"Nereah Anyango."

Likaandikwa.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Mimi, ambaye sikai mahali, nilikuwa bado nipo. Nalianya alikuwa ameniomba nimwandikie kitabu cha mwongozo kwa Kiswahili, nami nikapanga chumba Kawangware, hatua chache kutoka kwa ofisi yake. Siku ripoti ilipofika aliwaita wote ghorofani, akanunua soda, akanipa niisome kwa Kiswahili ili hata wapishi na walinzi waelewe. Nyota Njema kimeidhinishwa. Watu waliimba mpaka mwenye hadiwea akapanda kuuliza kuna nini, naye akapewa soda.

Niliendelea kusoma. Ukurasa wa nne ulisema kelele za jikoni ziliingia darasani na kukatiza somo zuri, na ukuta ule uzibwe ndani ya siku thelathini. Chini yake palikuwa na mstari wa wema: mkaguzi anamshukuru Bi Nereah Anyango, mpishi wa shule, kwa ukarimu wake. Nilikuwa nimeshausoma kwa sauti kabla sijafikiri.

"Ameniandika na jina?" aliuliza Nereah kutoka benchi la nyuma.

"Na jina."

"Na kazi?"

"Na kazi."

"Basi amenimaliza na asante," alisema, akamaliza soda yake.

Nalianya hakuelewa siku ile. Alielewa kesho yake, alipokaa kuandika barua aliyoiahidi. Barua hiyo ingesema Nereah Anyango amekuwa mkufunzi kwa miaka tisa, nayo ingekwenda kwa bodi ileile ambayo ripoti yake inasema ni mpishi. Aliandika rasimu tatu, akaniletea nizitazame. Kila moja ama ilimnyima Nereah miaka yake ama ilikiangusha chuo. Si mtu mbaya. Alikwenda mwenyewe jikoni akamweleza, akiwa amesimama, na kumhakikishia kwamba mshahara haupungui. Nereah hakumlaumu. Alimwuliza tu kama sasa ataitwa Madam tena. Nalianya akasema bodi inaweza kutuma mtu siku yoyote bila taarifa.

Fundi alikuja wiki iliyofuata. Alipigilia bati la pili, na katikati akashindilia mbao na vipande vya godoro kuukuu. Kazi ya siku mbili. Asubuhi ya tatu nilimkuta Nereah kigodani, uji unachemka, na upande wa pili hakuna kitu. Wanafunzi waliendelea kupenya jikoni baada ya masomo, mmoja mmoja, wakimwuliza kwa sauti ya chini kama amewasikia leo. Aliwaambia hajasikia. Walidhani amenuna. Sumaya aliendelea kumwita Madam, akaonywa, akaendelea, akaonywa kwa maandishi. Hapo Nereah mwenyewe akamwambia aache.

Mwisho wa mwezi alifunga mizigo. Dada yake Seline ni matroni katika shule ya bweni karibu na Ugunja, na huko walihitaji mpishi. Jiko, aliniambia, liko ng'ambo ya uwanja, mbali na madarasa, na hilo ndilo lililomfanya akubali. "Huko sitangoja kuskia."

Mabasi ya magharibi huchukua abiria asubuhi pale Kawangware 56, mbele ya hadiwea. Nilimbebea mfuko mmoja. Juu yetu dirisha la chuo lilikuwa wazi, na sauti ya Becky ilisikika ikisoma maelezo ya somo. Nereah aliinua kichwa, kisha akakishusha, akaanza kukagua kamba za mzigo wake.

Aliniuliza kitabu kimefika wapi. Sura ya tatu, nikamwambia, ya kuuliza na kungoja, na karibu yote ni maneno yake. Akataka kujua jina litakuwa la nani. La chuo. Akatikisa kichwa polepole. Nikasema ningeweza kuiandikia bodi nieleze yote, tangu mwanzo, pamoja na tafsiri niliyoifanya mimi.

"Ukiandika, hao arobaini na mmoja watarudi wapi?" alisema. "Sumaya amepata kazi juzi, Kilimani. Amenitumia picha ya darasa yake. Hebu wachana na hiyo maneno."

Kondakta alikuwa ameshatupa mizigo yake tumboni mwa basi. Nereah alinipa mkono, akaniambia nipande ghorofani, wananingoja ofisini. Alikaa upande usio wa kwangu, nikawa namwona kisogo tu kupitia vichwa vya watu wengine. Basi liliondoka likapinda kwenye barabara kubwa. Nilibaki mbele ya duka mpaka mwenye hadiwea aliponiomba nisogee, maana lori la saruji lilikuwa limefika na vibarua walitaka kushusha.