Nyanya Amelala

Kazi yangu ni kuzuia watu wasiuzwe. Kwa kuwa siwezi kuwazuia wasisafiri, huwa nawafunza wasichana ukumbini na kuwauliza swali moja kabla hawajaenda kufanya kazi za nyumbani nchi za Ghuba: mambo yakiharibika, utamwambia nani? Mtu mmoja tu, ambaye akisikia shida yako hataogopa kusimama. Wengi hujibu mama. Msichana mmoja wa Sindo alicheka, akasema, "Dana," yaani nyanya yangu kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. "Mama akisikia shida anaanza kulia. Dana anatafuta fimbo."

Nilimpenda hapo hapo.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Dholuo yangu ni ya kununulia samaki, kwa hiyo na familia ile tulizungumza Kiswahili. Aliyempangia msichana safari alikuwa baba yake mdogo, mwanamume mpole mwenye viatu safi. Kila nilipofika alinikaribisha chai, na hakujibu swali langu hata moja. Mwajiri ni nani? "Watu wazuri, madam." Mji gani? "Huko huko." Wageni wanaofadhili mradi wetu hutaka niwaeleze wauzaji wa watu wanafananaje. Nifanye nini mimi? Hawana pembe. Huyu alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa chakula kikiombewa.

Msichana akaenda. Haukupita muda nyanya akafa, ghafla, akiwa shambani. Habari ziliponifikia Migori walikuwa wameshamzika. Nilipitia njia ya Karungu kwenda kutoa pole, na nilijua watakachokuwa wakifanya. Hata sisi Wakuria tunafanya hivyo. Aliye mbali peke yake hapewi habari ya kifo kwa simu. Anaachwa mpaka arudi, au mpaka apatikane mtu wa kukaa naye anapolia. Ni huruma, na mimi mwenyewe nimewahi kufichwa hivyo na nikashukuru.

Ilikuwa mchana, jua kali. Nilikaa na mama wa msichana ndani ya nyumba ya marehemu, wageni wachache na yule baba mdogo wakiwa nje chini ya turubai. Simu ikalia. Mama akaiweka kwa sauti ya nje, kwa sababu bila hivyo simu ile mbovu haikusikika.

"Dana ere?" Bila salamu. Nyanya yuko wapi?

"Dani nindo," mama akajibu. Nyanya yako amelala. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, lakini sauti ilikuwa tamu, ile ya kubembelezea mtoto, na haikutetemeka.

Msichana akaomba nyanya aamshwe. Mama akasema amwache apumzike. Nyuma ya msichana nilisikia mtu akifoka na mlango ukigongwa. Hakukata simu. Alikuwa anangoja nyanya aamke.

"Amekuwa akipiga?" nikanong'ona.

Mama akaifunika simu kwa kiganja. "Kila siku, madam. Na hataki kuongea na mimi, anataka dani tu. Shemeji amesema tusimwambie, ataumia bure."

Shemeji, yaani yule wa viatu safi. Mtoto wa watu alikuwa akimtafuta mtu wake mmoja, kama nilivyomfundisha, na sisi kwa huruma zetu tulikuwa tumemfungia mlango. Nikachukua simu.

"Ni mimi, mwalimu wa pale ukumbini. Pole sana, mwanangu. Nyanya yako amefariki. Niambie mimi."

Mama akapiga nduru. Upande wa pili msichana akasema polepole, "Nilifikiri amenikataa."

Kisha maneno yakamtoka mbio, kwa sauti ya chini. Wamemnyang'anya pasipoti. Wamemhamishia nyumba nyingine, wanamfungia ndani, na kuna mwanamume anayekuja. Akataja mtaa, na jina la duka analoliona chini ya dirisha, mambo ambayo ubalozi huyataka ili uweze kumfuata mtu. Simu ikakatika.

Ile nduru ilikuwa imemfikia baba mdogo huko nje. Aliingia kofia mkononi, akaitazama simu, akanitazama mimi. Hakuuliza msichana ana hali gani.

"Amesema ako wapi?"

Nilimwogopa, sitaficha. Nilikuwa na hakika kwamba mama atalia na kumwambia kila kitu, kama ambavyo amekuwa akimwambia siku zote. Mama alifuta uso kwa pembe ya leso. Akamtazama shemeji yake, na sauti ile ile tamu ikatoka, bila kutetemeka.

"Ako sawa, shemeji. Alikuwa anatusalimia tu. Nimemwambia dani amelala."

"Vizuri," akasema. Akavaa kofia, akatoka. Dirishani nilimwona akiwapita wageni mpaka kwenye ua, akatupa jicho nyuma mara moja, kisha akaanza kupiga simu. Mama alinishika mkono kwa nguvu.

"Madam," akasema, "wewe piga kwanza."