Samaki wa Mama Mdogo

Harufu ya gundi ya silikoni ni kali kama siki, na kwangu mimi ndiyo harufu ya nyumbani. Baba alikuwa fundi wa vioo na alumini hapa Dodoma, miaka ile ambayo kila kiwanja cha Miyuji kilikuwa na rundo la tofali na kila mwenye tofali alitaka madirisha makubwa. Vipande vilivyobaki kazini alivileta nyumbani akavipanga nyuma ya kabati, akidai vitafaa siku moja. Siku hiyo ilifika nikiwa na miaka tisa, katikati ya kiangazi, upepo ukipuliza vumbi mpaka ndani ya kopo la sukari. Alikaa barazani jioni tatu mfululizo, akapima, akakata, akabandika, hadi likapatikana tangi la kufugia samaki, refu kuliko mimi nikilala nimejikunja. Hakusema ni la nani, lakini nilijua analitengeneza kwa ajili ya Mama Mdogo.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana. Mama Mdogo, mke mpya wa Baba, alikuja mwaka ule kutoka Kigoma na sanduku moja na vitenge visivyo na idadi. Nilikuwa tayari kumchukia, maana shangazi zangu walikuwa wamenifunda vya kutosha, ila alinishinda ndani ya wiki moja. Alinisuka bila kunivuta nywele, na nilipomwigiza mwalimu wetu wa hesabu alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda upesi mno, na kwa kuwa nilikwisha kupoteza mama mmoja, niliishi kwa hofu ya kumpoteza na huyu. Adui yangu alikuwa maji. Bomba letu lilitoa maji ya kisima, yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu na chai inabaki na ladha ya sufuria. Sisi tumezaliwa nayo. Yeye aliyekulia ufukweni mwa ziwa alikuwa akipiga funda moja, anafumba macho, anaweka kikombe chini. Maji matamu tuliyokuwa nayo ni ya mvua, tuliyoyakinga kwenye pipa kubwa nyuma ya jiko, na hayo yalikuwa ya kunywa na ya kumkaribishia mgeni. Kufulia, kuoshea vyombo na kupigia deki, chumvi ilitosha.

Tangi lilijazwa maji ya bomba, likawekewa mchanga na mawe, likakaa wiki tatu bila kiumbe ndani yake. Ndivyo alivyoagiza Mzee Daudi, fundi wa maabara mstaafu aliyekuwa akifuga na kuuza samaki wa mapambo sebuleni kwake, upande wa Chimwaga. Jumamosi moja tukaenda watatu kuchagua. Sebule nzima ilikuwa na matangi ukuta kwa ukuta, pampu zikinguruma. Mimi nilishachagua kabla hata ya kumaliza kusema shikamoo: nilitaka vile visamaki vyembamba vyenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni. Mama Mdogo alikuwa amesimama mbele ya tangi la pembeni, mkono mdomoni. Mle ndani mlikuwa na samaki wa manjano, manjano ya ndimu iliyoiva, wakiingia na kutoka kwenye matundu ya mawe.

“Hawa ni wa kwetu,” alisema. “Tulikuwa tunawaona tukizamia. Hakuna aliyewavua, hawana nyama.”

Mzee Daudi alisema hatuwezi kuwachanganya na wangu, kila kundi lina maji yake na tabia zake, tuchague moja. Nilimtazama Mama Mdogo. Tangu afike Dodoma sikuwahi kumwona ana uso ule. Nikasema tuchukue wa manjano, na ninakiri kwamba iliniuma. Baba naye, ambaye marehemu baba yake alikuwa mfugaji, hakukubali kulipa mpaka samaki wapewe chakula mbele yake, aone nani anakula na nani anajitenga na wenzake. Aliinama pale na kuwakagua kama yuko kwenye mnada wa ng'ombe Msalato. “Yule wa nyuma muache,” alisema, “yule mgonjwa.” Tukachukua sita. Mzee Daudi akasisitiza tuendelee na maji yale yale ya bomba, tuyaache yatulie kwenye ndoo kabla ya kuyatia. Mimi nikadhani anatuonea huruma tu. Nani angewashauri watu watumie maji matamu ilhali anajua ni ya shida?

Samaki walistawi. Kila asubuhi Mama Mdogo alikaa na kikombe chake mbele ya tangi kabla ya kufanya kazi yoyote, nami nilikaa naye. Kisha siku moja nikamsikia nyuma ya jiko akiongea na dada yake kwenye simu. Alisema maji ya huku yanamshinda, upepo unamshinda, Desemba atakwenda kusalimia na hajui kama atarudi. Sikuwa na uwezo wa kuuzuia upepo, lakini maji niliyaweza. Jumapili wao walipotoka kwenda kumwona mgonjwa, nilichota maji yote ya chumvi kwenye tangi kwa jagi, nikayamwaga kwenye mpapai, nikajaza maji ya mvua hadi pipa likabaki tupu. Nilitaka ndugu zake wale wa manjano wapokewe kama wageni wa heshima, wafurahi, naye akiwaona wamefurahi asiondoke. Nilikuwa nimelowa mpaka mabegani na sikumbuki siku nyingine niliyojisikia mwema kiasi kile.

Asubuhi walikuwa wamekufa watano. Mama Mdogo aliwatoa mmoja mmoja kwa chujio la chai, akawalaza kwenye gazeti. Baba alisema labda ni ugonjwa. Mama Mdogo akajibu polepole, bila hasira, “Unaona? Hata wao huku hawaishi.” Siku ya pili nilimkuta chumbani akilishusha sanduku lake kutoka juu ya kabati na kulipangusa vumbi. Nilielewa kwamba nikinyamaza ataondoka kwa sababu yangu, na nikisema huenda akaondoka akiwa ananichukia. Niliuma kola ya sare ya shule. Mwishowe nikasema yote kwa pumzi moja, mpapai, jagi, simu niliyoisikia, na kwamba nilitaka wapate maji mazuri ili abaki.

Aliuliza kitu kimoja tu: “Maji yote ya pipa?” Nikaitikia kwa kichwa. Alikaa kitandani, akacheka, kisha machozi yakamtoka akiwa bado anacheka, akanivuta kwapani kwake nikabaki humo. Jumamosi tulirudi kwa Mzee Daudi, naye akanitazama juu ya miwani. Alieleza kwamba maji ya ziwa lile ni magumu, yana madini mengi ya mawe, na kwa samaki wale haya ya visima vyetu yanafanana nayo kuliko ya mvua, ambayo kwao ni sumu yakija kwa ghafla. Mama Mdogo alimwomba arudie. “Kwa hiyo walikuwa wazima,” alisema. “Hapa hapa walikuwa wazima.” Kisha akaniambia safari hii nichague mimi wenzake wa yule mmoja aliyebaki, naye atabeba. Desemba alikwenda kwao na tangi likabaki mikononi mwangu. Baada ya wiki mbili alirudi.

Sasa ninafanya kazi, nina nyumba yangu Nkuhungu, na Baba tulimzika mwaka jana. Baada ya arobaini, kaka zake Mama Mdogo walisafiri kutoka Kigoma kuja kumchukua, na walikuwa na haki: mume hayupo, mtoto wa kumzaa hana. Waliongea kwa upole sebuleni, nami nilisimama mlangoni na trei ya vikombe, mtu mzima, nisithubutu kuingia. Enzi zile niliamini ipo kazi nikiifanya kwa bidii atabaki. Siku hiyo sikuwa na kazi yoyote ya kufanya ila kusubiri, na hofu ilikuwa ile ile. Mama Mdogo aliwasikiliza wote hadi mwisho, akawashukuru, akasema Kigoma atakuja kuwasalimia kila akijaliwa. “Lakini siwezi kuhama,” alisema. “Mwanangu yuko hapa.” Halafu akanigeukia, akaniuliza kwa nini nimesimama na vikombe mkononi wakati wajomba zangu wana kiu.