Miche ya Mwezi wa Sita

Majina ya watu wote wa mradi wa miche ninayo kichwani, hata la dereva wa lori, ila siyaandiki. Wana watoto wanasoma.

Hapa kwetu Chilangala korongo linakula shamba. Kila masika linasogea, na sasa limefika kwenye mikorosho ya marehemu mume wangu. Kaburi lake liko nyuma ya mikorosho hiyo. Kwa hiyo niliposikia serikali inaleta miche ya kuzuia korongo, kigelegele cha kwanza kilikuwa changu.

Lori likaja mwezi wa sita. Mwezi wa sita! Mvua imeshaaga, na huku juu hata maji ya kunawa uso hayamwagwi: yanaosha miguu kwanza, ndipo yanakwenda kwenye mpapai.

Bwana miti wa mradi akashuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hii miche itakunywa nini?"

Akainamisha kichwa. "Bibi, mimi mtoto wa mkulima, hapo Makote. Najua. Lakini mwaka wa serikali unaisha mwezi huu. Fungu la fedha lisipotumika linarudi."

"Basi niachie kwenye viriba, niiweke karibu na bafu, inywe maji ya kuogea mpaka mvua ya kwanza."

"Ya kwenye viriba haihesabiki. Lazima iwe ardhini, ipigwe picha."

Jirani yangu akadakia: "Na mvua nayo mtaipiga picha?"

Tukacheka, naye akacheka, na miche ikapandwa vilevile. Lori lilipoondoka nikachimbua michache, nikaipeleka bafuni. Iliyobaki ilikauka hadi mbuzi hawakuinusa.

Mvua ilipoanza nikaipanda ile ya bafuni ukingoni, ikashika. Lakini korongo ni pana. Nikapanda basi hadi Masasi, kwenye ofisi ya mradi, kuomba mingine.

"Bibi, umechelewa," akasema binti wa mezani. "Miche ilikuwa mwezi wa sita."

"Nimechelewa vipi, mwanangu, na mvua ndiyo kwanza imeanza?"

"Ratiba haipangwi hapa."

Kila ofisi ratiba haipangwi hapo! Sijui inapangwa wapi.

Kisha bwana miti akaja kupiga picha miche yangu iliyoshika. Akafurahi: mradi umefaulu, mwakani wataleta tena, mwezi uleule.

Masika hayo korongo likaangusha mkorosho wa mbele. Kati ya korongo na kaburi umebaki mstari mmoja wa mikorosho.

Lori likija tena, kigelegele hawakisikii. Wapige picha zao, waondoke. Nimeshaongea na majirani: kila nyumba ilete jembe, tuchimbue miche yote, tuigawane kwenye mabafu yetu.