Umeme wa Msibani

Jioni ile ya Juni, baridi ya Itaka ilipoanza kushuka, Tulinagwe aliweka kiganja juu ya sanduku la kutotoleshea vifaranga akahisi joto linaondoka. Taa ya ndani ilikuwa imefifia kama kaa linalokaribia kuzimika. Mayai yalikuwa ya akina mama wa kwaya, waliomwamini tena baada ya yale ya kwanza kufia humo humo. Asubuhi alikuwa amesikia vifaranga wakigonga maganda kwa ndani.

Mwaka uliopita watafiti wa chuo waliunganisha kwa nyaya nyumba zenye sola kitongojini, wapate kujua majirani wasiofikiwa na gridi ya taifa watagawanaje umeme. Kila nyumba ilikuwa na fungu lake, na mtu aliweza kumpa jirani fungu hilo kwa simu. Watafiti waliuliza juu ya taa, redio na pasi. Misiba hawakuiuliza. Mzee Sebastian alipofariki juzi, kila nyumba ilipeleka fungu lake kwa mjane, kama ilivyopeleka unga na kuni. Tulinagwe naye alipeleka. Majina ya waliotoa yalionekana kwenye simu za wote, lake lingekosekanaje?

Akaenda kwa Jairo, fundi aliyeachiwa na watafiti kazi ya kutunza betri.

“Nirudishie kidogo tu, baba. Vifaranga wanakufa.”

“Nikirudisha, Mama Dina, simu za kitongoji kizima zitalia. Watasema kuku wamemshinda marehemu.”

Tulinagwe hakucheka. Jairo akamtazama, akaacha utani.

“Basi mayai tuyapeleke umeme ulipo,” akasema.

Wakalifunika sanduku kwa mablanketi, wakalibeba wawili kupita kati ya mibuni. Kila jiwe alilokanyaga Jairo lilitikisa sanduku. Njia nzima Tulinagwe alitafuta neno la kumwambia mjane, na kila alilopata lilisikika kama tusi.

Anastazia, mjane, alikuwa mkekani katikati ya wanawake. Sanduku lilipotua mlangoni, mazungumzo yalikatika.

“Wenzako wanaleta unga,” akasema Restuta, mdogo wa mjane, “wewe unaleta mayai yasiyopikika?”

Mtu akacheka kidogo, akajizuia. Tulinagwe akapiga magoti.

“Dada Anastazia, nisamehe. Yanatotoka leo, na kwangu hakuna joto.”

Anastazia aliinua uso, akalitazama sanduku. Macho yake yalikuwa yamevimba.

“Chumbani kwa marehemu kuna soketi,” akasema. “Weka huko, ufunge mlango. Sitaki kelele za kuku mchungaji akisali.”

Taa ya sanduku ikawaka vizuri, lakini mayai yalikuwa kimya. Tulinagwe akatoka na kufunga mlango, akaketi sakafuni karibu na mjane, mgongo ukigusa mbao za mlango. Wimbo ulipoanza aliimba bila kujua anaimba nini. Aliomba asikie mlio, na hapo hapo akaomba asiusikie, angalau mpaka watu waseme amina. Kama wamekufa, atawaambia nini wale wanawake wa kwaya, waliokuwa pale pale wakiimba?

Mchungaji akamtaja marehemu, akanyamaza kidogo. Katika kimya kile, nyuma ya mlango, kitu kikalia kwa sauti nyembamba, kama bawaba kavu. Kisha kingine.

Tulinagwe akaficha uso kwenye kanga. Hakuna aliyegeuka. Mchungaji akaendelea kusali, kwa sauti ya juu zaidi.

Anastazia akainama kumwelekea Tulinagwe, macho yakiwa bado yamefumbwa.

“Nenda ukawaangalie,” akanong’ona.