Wiki Nzima Ndani ya Kisanduku

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha intaneti pale Misiera, kambini kwa wakimbizi, nilifika saa moja kabla ya wakati, nikapanga nyaya zote upya, kisha nikazipanga tena. Msimamizi wa kituo, mama wa Kikongo, alinitazama akasema, "Nadine, hizi kamba hazitakimbia. Kaa chini."

Kazi hii sikuisomea shuleni. Nilijifunza mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kila siku niliogopa kwamba mtu angegundua.

Intaneti yetu ilitoka kwenye satelaiti. Ukitaka kufungua tovuti, kompyuta huuliza kwanza jina lile linakaa kwenye anwani gani. Huduma hiyo ya majina tunaiita DNS. Kwetu kila swali lilipanda hadi angani na kurudi, kwa hiyo tulikuwa na kisanduku cha kuweka akiba ya majibu, kisiulize jambo lilelile mara mbili. Kila jibu huja na muda wake, na likiisha muda kisanduku huuliza upya. Mimi niliona muda huo mfupi mno. Bila kumwambia mtu, nikakiamuru kishike kila jibu wiki nzima. Kasi ikapanda, watu wakanisifu. Nikanyamaza.

Papa Amani, fundi cherehani, alikuwa akisomea ualimu kwa intaneti. Mtihani wake wa mwisho ulifunguliwa saa nne na ulikuwa ufungwe saa sita. Akiukosa, angengoja mwaka mzima. Saa nne ukurasa ukagoma.

Nilizima ruta nikaiwasha. Nilipanda juu nikakagua dishi. Nilibadilisha waya. Kisanduku changu sikukigusa. Niliporudi, Papa Amani alikuwa ameshika simu ya jirani.

"Nadine, huku kwa simu inafunguka. Kwa mashine yako hapana. Mutihani ni murefu, hii kioo ni kidogo, na bando yake inaisha. Mashine yako inanichukia?"

Nikampigia Mkuu wetu wa Ufundi, ofisini Kamukuzi, mjini Mbarara. Nikamtajia tovuti, na kwamba kwenye simu inafunguka, kisha nikasingizia hali ya hewa.

"Nyabo, bibie, wacha mvua," akanikata. "Hiyo tovuti wamehamisha jana kwa seva mpya. Simu inajua, wewe hujui. Sasa niambie, wewe uligusa nini?"

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema yote: kisanduku, wiki nzima, miezi mitatu ya kunyamaza.

Akaangua kicheko. "Banange! Futa akiba, rudisha muda wa kawaida. Na kompyuta zenyewe pia zinakumbuka, futa huko. Utalia baadaye."

Nilifuta. Msimamizi aliuliza kosa lilikuwa nini hasa, nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa.

"Aa, nimesikia. Ni kama unamutafuta mutu kule Kabazana, kwa wageni wapya, na yeye walishamupa kiwanja, akahama. Unabisha hodi, kumbe mule bamelala bengine."

Sijawahi kuisikia DNS ikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Saa nne na dakika arobaini ukurasa ulifunguka. Papa Amani alivaa miwani akaanza kuandika. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikapumua kama mtu aliyetua gunia. Alipotoka alikuwa amemaliza, dakika nane kabla ya saa sita. Siku hizi anafundisha.

Sasa naacha kituo. Nina miaka ishirini na sita na msimamizi ananitania kwamba nastaafu. Kumbe nahamia Kamukuzi tu, kwa mkuu yuleyule aliyecheka. Atakayenirithi nimemwachia daftari. Mwanzoni nilitaka liwe safi, bila kosa, nikachana kurasa nyingi. Mwishowe ukurasa wa kwanza nimeandika kosa langu hilo lote, na jina langu chini yake. Usiku nilipoliandika nililala vizuri.