Bibi Alipoulizwa na Trafiki

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka hadi harufu yake, harufu ya mabibo yaliyoiva kupita kiasi, na nataka nikusimulie kabla sijawa mtu mzima nikaanza kuipamba. Hujazaliwa bado. Baba yako simjui, na ukifika hapa usinicheke. Niko kidato cha tatu, na mbele za watu mdomo wangu mzito, lakini kwako unafunguka. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nakukunja hata hujavuliwa.

Siku hiyo mdogo wangu Issa alikuwa anatoka jandoni, kwa ndugu zetu wa Mahurunga. Tulikwenda kumchukua watatu: mimi, Bibi, na Mjomba Rajabu, kitindamimba wa Bibi, ambaye ndiye mwenye bajaji. Aliifunga vitambaa vya rangi kila upande, ikawa kama bibi harusi. Kwetu siku ya jando mjomba ana heshima kupita hata baba. Kila mlango anakaribishwa, na kukataa unachokaribishwa siku kama hiyo ni sawa na kumtukana mwenye nyumba.

Alichokaribishwa ni uraka. Ni maji yanayokamuliwa kwenye mabibo, korosho zikishang'olewa. Yakikamuliwa alfajiri, asubuhi ni matamu na hata watoto huonjeshwa. Jua likipanda yanachacha, na yakichacha ni pombe kama pombe nyingine. Mjomba wangu hajawahi kukanyaga baa, mwanangu, na swala tano anaswali. Alianza na chungu kimoja kikiwa kitamu, akaendelea na chungu kile kile hadi adhuhuri ikapita. Bibi alipomtupia jicho, akasema, "Mama, si pombe hii, ni mabibo tu. Asubuhi nilikunywa mbele yako, ulinikataza?"

"Asubuhi yalikuwa mabibo," Bibi akamjibu. "Chungu hakikukusubiri."

Watu wakacheka, ngoma ikaendelea. Makosa mengi huku kwetu hupitia hapo hapo, kwenye kicheko.

Bibi alitaka tulale kule kule. Lakini Mama alikuwa anasubiri nyumbani Naliendele na wageni na sufuria la pilau, na Issa, mwanamume mpya wa watu, alianza kutoa machozi akimtaka mama yake. Bibi akalegea, tukapanda. Hilo mpaka leo analijutia. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Njiani mwanzo ilikuwa raha. Issa amekaa katikati yetu na kanzu mpya, miwani ya jua na mwavuli, na Bibi akimtania, "Mume wangu, ulivyopendeza hivi, wake wenzangu si watanipiga?" Issa akajificha kwenye mwavuli. Mbele Mjomba alikuwa anaimba, na sauti ikizidi, mwendo nao unazidi. Mzee mmoja alikuwa mbele yetu na baiskeli, nyuma amefunga gunia la mihogo. Mjomba akampita karibu mno. Nikageuka, nikamwona yule mzee ameangukia majanini, mihogo imetapakaa njiani. Akainuka. Alhamdulillahi, akainuka.

"Rajabu, simama!"

"Niko sawa, Mama! Huyo mwenyewe baiskeli inamshinda."

Hatukufika mbali. Trafiki wakatupungia, tukasimama. Aliyetufuata ni mwanamke wa umri wa Mama, mpole, sare yake nyeupe imepata vumbi mabegani. Akasalimia vizuri, akampa Issa hongera. Kisha akamsogelea Mjomba, akanusa.

"Kijana, umekunywa?"

"Maji ya mabibo tu, afande. Ya asubuhi."

"Ya asubuhi ndiyo yananukia hivi?"

Watu wa bodaboda waliosimamishwa pale wakacheka. Mjomba akaona aibu, na aibu ikageuka ukali. "Kwani kuendesha si haki yangu? Bajaji yangu, leseni yangu, mafuta nimetia mimi!"

"Na barabara je, nayo yako?"

"Ya serikali."

"Basi kwenye ya mwenzio nenda taratibu. Leseni ni ruhusa, mdogo wangu. Aliyekupa anaweza kukwambia ilete." Halafu akainama, akamtazama Bibi. "Shikamoo mama. Huyu kijana wako amekunywa au hajanywa?"

Mwanangu, pale nikawa nasikia vile vitambaa vya bajaji vikipigwa na upepo. Mjomba alimgeukia mama yake. Macho yale siwezi kukuandikia. Bajaji ile ndiyo inayotulisha, ndiyo inayonilipia ada. Na Bibi mwenyewe ni mtu ambaye hajawahi kumsema mwanawe mbele ya mgeni. Nilidhani atasema hajanywa. Moyoni nilikuwa namwombea aseme hivyo.

Bibi akamshika Issa mkono, akasema polepole, "Marahaba. Amekunywa. Na kule nyuma tumemwangusha mzee wa watu. Nendeni mkamwangalie."

Mjomba alipelekwa kituoni, akapimwa, akalala mahabusu. Mahakamani alikiri. Akatozwa faini na leseni ikafungiwa kwa muda. Yule mzee alichubuka goti, Mungu mkubwa, na Mama alimpelekea pilau. Lakini maneno ya watu! Kisimani, msikitini, kila mahali: mama gani huyu anamchoma mwanawe? Asubuhi ya kwanza ya mahabusu Bibi alichemsha chai ya tangawizi, akafunga mihogo kwenye kitambaa, akaenda kituoni. Mjomba akageuzia uso ukutani. Bibi akaacha chai pale, akarudi. Jioni akaenda tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi niliyelala naye chumba kimoja nilimsikia akilia ndani ya swala.

Kisha Mjomba akarudi nyumbani. Tulikuwa tunamenya mihogo uani. Akavuta kigoda, akachukua kisu, akamenya na yeye. Baadaye sana akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, kwani ungesema hapana, ungepungukiwa nini?"

"Ningesema hapana," Bibi akasema, "ningekuwa nimekupenda mpaka kona inayofuata tu. Mimi nakutaka mpaka unizike."

Mjomba akaweka kisu chini, akamlalia mama yake mapajani kama mtoto, mwanamume mzima na ndevu zake. Mimi nikajifanya naenda kuteka maji.

Sasa sikia, mwanangu, yaliyobaki ndiyo yako. Kutembea ni haki yako, miguu umepewa na Mungu na hakuna trafiki atakayeifungia. Kuendesha ni kuaminiwa. Mwenye baiskeli, mama mwenye ndoo kichwani, mtoto anayerudi shule, wote wanakuazima barabara kwa sharti kwamba utawafikisha wazima makwao. Ukinywa, sharti umelivunja, hata kama ulichokunywa kilianza kitamu. Usiseme nitajua nikilewa. Kitu cha kwanza pombe inachokunywa ni ile akili ya kujua. Mwenye nyumba akiudhika umekataa kata yake ya uraka, atakusamehe kesho. Majanini pale si kila mtu huinuka.

Ukisimamishwa njiani, zima, salimia, sema kweli. Aliyekuinulia mkono hajakuzuia kufika, huenda ndiye anayekufikisha. Na akishika usukani mtu wako wa damu amekunywa, usimfiche. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sema, halafu mpelekee chai. Vyote viwili, mwanangu, kimoja bila kingine hakitoshi.

Mungu akupe mkono mtulivu na masikio ya kusikia ukiambiwa simama. Akupe mtu wa kukusema kweli mbele za watu na kukulilia ndani. Mzee yeyote utakayempita njiani na baiskeli yake, afike kwake na mihogo yake, nawe ufike kwangu. Amin.